Sinema za Kauboi na Rangi Zilizoingia Nyumbani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini taa imewashwa, redio imewekwa mahali ambapo hata walioketi nyuma wanasikia, na kila mmoja ana kurasa hizi mkononi. Ninyi mliolikosa somo redioni msihuzunike. Haya mnayoyasoma ni maneno yale yale niliyoyasema.

Leo tutazungumza habari za hadithi za kauboi zilizoonyeshwa katika televisheni za Marekani, na jinsi rangi zilivyoingia katika masanduku hayo. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, hiyo nayo ni historia? Historia si habari za wafalme na vita?" Naam, ni historia. Mambo ambayo watu waliyatazama jioni baada ya kazi, na ambayo wanayakumbuka sasa wakiwa wazee, yana tarehe zake, na yana watu waliopata faida kwayo.

Nianze na baba yangu mkubwa. Ujana wake aliutumia mjini, na kila alipopata shilingi alikwenda kwenye jumba la sinema kutazama kauboi. Sisi watoto alikuwa akitusimulia habari za farasi mmoja mwekundu aliyeruka mto. Aliusifu wekundu wake mpaka tukamwona. Nilipokuwa mtu mzima nilibahatika kuiona sinema ile ile. Farasi alikuwapo, na mto ulikuwapo, lakini picha nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe. Sikumwambia mzee. Tangu siku hiyo najiuliza, mtu anayekumbuka mambo ya zamani hukumbuka nini hasa: alichokiona, au alichokiongeza mwenyewe? Liwekeni swali hili kando. Tutalirudia.

Kwanza, kauboi ni nani? Ni mchunga ng'ombe, basi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka wa 1865, ng'ombe walikuwa wengi mno katika jimbo la Texas, na watu wa miji ya mashariki walitaka nyama. Reli ilikuwa mbali. Basi wachungaji waliwaswaga ng'ombe kwa miezi, wakapita mito na nyika, hata wakafika miji ya Kansas palipokuwa na gari moshi, kama vile Abilene na Dodge City. Mchungaji alilipwa yapata dola 30 kwa mwezi, akala maharagwe, akalala chini. Kazi hiyo ya safari ndefu ilidumu miaka 20 hivi tu. Mwaka wa 1874 Bwana Joseph Glidden alipata hati ya serikali kwa seng'enge yake ya miiba, na watu wakaanza kuzungushia mashamba yao uzio. Njia za ng'ombe zikafungwa, na reli nazo zikafika karibu na Texas. Kisha kipupwe kikali cha mwaka wa 1886 hadi 1887 kikaua ng'ombe wengi sana. Mwisho wa habari.

Ninyi mliochunga mifugo utotoni mnajua kwamba kazi hii haina bastola nyingi. Ina vumbi, kiu, na mnyama mmoja mkaidi anayewachosha watu kumi. Lakini miaka 20 ile ilizaa hadithi ambazo zimedumu zaidi ya miaka 100.

Hadithi hizo zilipita katika vitabu, zikaingia katika sinema, kisha zikafika kwetu sisi watu wa redio. Nalisema hili kwa fahari kidogo. Hadithi mashuhuri iitwayo Gunsmoke, ya askari mkuu wa Dodge City, ilianza redioni mwaka wa 1952. Sauti ya askari huyo ilikuwa ya Bwana William Conrad, sauti nzito iliyojaa chumba. Hadithi ilipohamia televisheni mwaka wa 1955, walitaka mtu wa kutazamwa, wakamchukua James Arness, mrefu kama mnazi. Hadithi ile ilionyeshwa miaka 20, mpaka 1975. Kufika mwaka wa 1959 zilikuwapo hadithi za namna hii yapata 30 kila juma katika televisheni za Marekani nyakati za jioni. Mtoto wa siku hizo aliweza kutazama kauboi usiku baada ya usiku.

Lakini zote hizo, ila chache sana, zilikuwa nyeusi na nyeupe. Sasa tuje kwenye rangi.

Tarehe 17 Desemba, 1953, serikali ya Marekani ilikubali utaratibu wa kurusha picha za rangi ambao hata sanduku la zamani liliweza kuupokea. Sanduku jipya lilipata rangi. La zamani lilichukua mwanga na kivuli tu, likaziacha rangi. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kulitupa sanduku lake. Kioo cha sanduku jipya kilipakwa vitone vidogo mno vya namna tatu: vinavyowaka nyekundu, vinavyowaka rangi ya majani, na vinavyowaka buluu. Kwa kuzichanganya hizo tatu jicho lilidanganyika likaona rangi zote, hata rangi ya ngozi na ya udongo.

Kampuni ya RCA iliuza sanduku lake la kwanza la namna hii mwaka wa 1954 kwa dola 1,000. Fikirini: hizo zilikuwa karibu robo ya mapato ya mwaka mzima ya familia ya kawaida ya Marekani, na kioo chenyewe kilikuwa cha inchi 15. Wanunuzi walikuwa wachache. Waliulizana, "Ninunue ya nini, na michezo ya rangi haipo?" Nayo mashirika ya televisheni yakauliza, "Tutengeneze michezo ya rangi ya nini, na wenye masanduku hawapo?" Ni kama ugomvi wa mwenye duka na mwenye lori kijijini: duka halina bidhaa kwa kuwa lori haliji, na lori haliji kwa kuwa duka halina bidhaa.

Lakini RCA ilikuwa na bahati ambayo wengine hawakuwa nayo. Shirika la televisheni la NBC lilikuwa mali yake. Basi tarehe 12 Septemba, 1959, NBC ilianza kuonyesha hadithi ya kauboi iitwayo Bonanza, na tangu siku ya kwanza ilikuwa ya rangi. Ilionyesha maji ya buluu ya Ziwa Tahoe, misonobari, na anga safi. Mwanzo haikupata watazamaji wengi, lakini iliachwa iendelee kwa kuwa iliuza masanduku. Mwaka wa 1961 ilihamishwa ikawa Jumapili saa 3 usiku, ikilipiwa na watengenezaji wa magari ya Chevrolet, na hapo ndipo ilipopaa. Kutoka 1964 hadi 1967 hakuna mchezo wa televisheni uliotazamwa na watu wengi zaidi katika nchi ile.

Hadithi yenyewe ni ya mzee Ben Cartwright, aliyefiwa na wake watatu, kila mmoja akamwachia mwana. Adam alivaa nguo nyeusi. Hoss, jitu lenye moyo laini, alivaa kofia kubwa nyeupe. Joe mdogo alivaa koti la rangi ya majani. Kwa miaka mingi hawakubadili nguo, na sababu ni ya kibiashara: kipande cha picha kilichopigwa mwaka huu kiliweza kutumiwa tena mwaka ujao. Mpishi wao alikuwa Mchina, Hop Sing. Wanaume wanne hao waligombana, wakapatana, wakala meza moja. Nadhani hapo ndipo wazee wa Marekani wanapopakumbuka zaidi, kuliko bastola.

Sasa turudi kwenye lile swali. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: 1965. Mwaka huo Bonanza ilikuwa juu ya michezo yote, lakini hata nyumba 6 katika kila 100 za Marekani hazikuwa na sanduku la rangi. Nusu ya nyumba zilifikiwa mwaka wa 1972, na Bonanza ilionyeshwa mara ya mwisho tarehe 16 Januari, 1973. Maana yake nini? Wengi wanaokumbuka lile koti la Joe la rangi ya majani waliliona miaka mingi likiwa la kijivu! Labda waliona rangi nyumbani kwa jirani, watoto wa mtaa mzima wameketi sakafuni, na mwenye nyumba akiinuka kila mara kurekebisha sanduku ili nyuso za watu zisiwe za buluu. Labda waliziona baadaye, michezo iliporudiwa. Baba yangu mkubwa hakuwa peke yake.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Unguja ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, hata haikupitia nyeusi na nyeupe. Bara ilingoja mpaka 1994.

Lakini kuna rangi nyingine, na hapa nataka msikilize kwa makini. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika wachunga ng'ombe wa kweli wa zamani zile, yapata mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Wengi walizaliwa utumwani, kama Nat Love, aliyezaliwa Tennessee mwaka wa 1854 na akaandika kitabu cha maisha yake mwaka wa 1907. Wengine wengi walikuwa Wameksiko, ambao ndio waliowafundisha Wamarekani kutupa kamba juu ya farasi. Hata neno ranchi, tunalolitumia tukisema ranchi ya Kongwa, lina asili ya Kihispania. Ardhi kando ya Ziwa Tahoe ilikuwa ya watu wa kabila la Washoe. Misonobari ile nayo, baada ya fedha kugunduliwa karibu na Virginia City mwaka wa 1859, ilikatwa kwa wingi mno ili kutegemeza mashimo ya migodi. Msitu uliopendeza katika televisheni ulikuwa umeota upya sehemu kubwa.

Basi rangi ziliingia katika picha, lakini watu wa rangi wengi waliachwa nje ya picha. Silisemi hili ili kuwanyima wazee wa Marekani furaha ya kumbukumbu zao. Tena nisiwe mwonevu, maana waigizaji wenyewe walifanya jambo moja ambalo lazima mlijue.

Mapema mwaka wa 1964 Dan Blocker, aliyekuwa Hoss, Lorne Greene, aliyekuwa baba, na Michael Landon, aliyekuwa Joe, walitarajiwa mjini Jackson, Mississippi, kuonyesha michezo. Siku hizo weusi na weupe wa huko waliketi mbalimbali kwa nguvu. Vijana waliopigania haki za watu weusi waliwaandikia waigizaji habari hizo. Nao wakakataa kwenda mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Meya wa mji alikasirika, akawataka wananchi wake wasiitazame Bonanza tena. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Bonanza ilionyesha hadithi ya mwimbaji mweusi aliyealikwa Virginia City, akanyimwa chumba hotelini kwa ajili ya rangi yake. Watu waliowasha sanduku Jumapili ile kutafuta farasi na ziwa walikutana na habari za mtaani kwao.

Kazi ya juma hili ni hii. Mtafuteni mzee aliyewahi kutazama sinema za kauboi mjini, huko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au kwingineko. Mwulizeni farasi alikuwa wa rangi gani. Andikeni jibu lake kwa sentensi tatu, msimsahihishe. Juma lijalo tutasoma habari za reli ya Marekani iliyokamilika mwaka wa 1869, na za Wachina walioijenga, maana Hop Sing hakuja Nevada kupika tu. Njooni na penseli zilizochongwa.