Kabla Ununue Mguu wa Kuku, Sikia Stori ya Gusii

Wiki iliyopita rafiki yangu alinitumia picha WhatsApp. Bastola ndogo, ile ya silinda ya kuzunguka, inatoshea kwa kiganja. Chini ameandika: "Buda, kuna msee anauza. Bei si mbaya."

Huyu jamaa si mkora. Ana kaduka ka simu hapa Kisii mjini, anafunga saa tatu usiku na kutembea nyumbani na pesa ya siku nzima. Ameshapigwa ngeta mara mbili. Aliripoti, akapewa namba ya OB, ikaishia hapo. Anataka tu kitu cha kubeba kiunoni kila siku.

Sikumjibu haraka. Mimi si wakili, na chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini historia ni kitu naelewa. Hii posti ni jibu lake, na lako pia kama unawaza kama yeye.

Tuanze 1905. Mwaka huo askari wa KAR waliingia Gusii na bunduki ya Maxim, ile ya kutema risasi mfululizo. Vijana wetu walikuja na mikuki na ngao. Watu zaidi ya 100 waliuawa. Ndivyo wengi huku walivyojuana na bunduki: wakiwa upande wa mdomo wake.

Januari 1908, kijana wa Kitutu aliyeitwa Otenyo alimdunga mkuki mkoloni Geoffry Northcote, yule wazee walimwita Nyarigoti. Aliyewatia vijana moto alikuwa mama mmoja, Moraa, mganga na nabii. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ndiyo haikupona. KAR walirudi, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu na kuua watu, mpaka Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, akaandika kulalamika kwamba mauaji yamezidi. Churchill, wasee! Otenyo alikamatwa akauawa, na familia yake mpaka leo inasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Sasa toka Gusii twende Nyeri, kwa sababu sheria ya bunduki tunayotumia leo ilizaliwa kipindi cha Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa 1952. Setla alikuwa anakula chakula na bastola kiunoni. Mwafrika akipatikana na hiyo hiyo bila ruhusa, ni kamba. Dedan Kimathi alishikwa Oktoba 1956. Watu wengi hudhani alinyongwa kwa kuongoza vita msituni. Hapana. Shtaka lililompeleka kwa kamba lilikuwa kupatikana na bastola, Webley Scott ya .38, pamoja na risasi. Bastola ya silinda, kama ile kwa picha ya rafiki yangu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sheria ya bunduki, Sura ya 114, ilianza kutumika 1954, katikati ya hayo yote. Uhuru ukaja 1963, sheria ikabaki, ikawa inarekebishwa hapa na pale. Marekani kubeba bunduki kumeandikwa kwa katiba kama haki. Huku ni ruhusa. Unaomba kwa bodi ya leseni, unaeleza kwa nini unaihitaji, unachunguzwa, na hata ukipewa, unaweza kunyang'anywa. Desemba 2018 Fred Matiang'i, mtu wetu wa Nyamira, akiwa waziri wa usalama, aliamuru raia wote wenye leseni wakaguliwe upya ndani ya siku 90. Hata mabwenyenye walipanga laini.

Najua utaniambia nini: "Kwa hivyo bado ni mambo ya setla? Mwenye pesa anabeba, sisi tunapigwa ngeta?" Hapo siwezi kukupinga. Sheria iliyotungwa kuogopa Mwafrika maskini bado inamtazama maskini kwa jicho baya, na mwenye duka kadogo hajui hata aanzie ofisi gani.

Lakini sisi pia tumeshajaribu kujilinda kivyetu. Waulize wazazi wako kuhusu Sungusungu. Mwanzoni watu walifurahi kabisa. Wezi walikimbia na ng'ombe zikalala salama. Shida ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuwauliza swali. Baadaye wakawa wanaamua kesi za deni na za shamba kwa malipo, na watu wakauawa. Mwaka 2010 serikali iliwaweka kwa orodha ya makundi haramu. Walioanza kama walinzi wakaishia kuogopwa kuliko wezi.

Ndiyo maana naangalia ile bastola ya bei rahisi na siioni kama ulinzi. Jiulize mbona ni rahisi. Pengine imeshaua mtu mahali, na siku risasi zake zikipimwa, mwenye kuishika ni wewe. Ukiitumia kujiokoa, huwezi kwenda kueleza polisi. Na wakora wakijua uko nayo, hawatakuja tena kwa ajili ya pesa. Watakuja kwa ajili ya hiyo chuma, na watakuja wengi.

Silaha isiyo na mtu wa kuiulizia huwa haikai upande wako. Maxim haikukaa, Sungusungu hawakukaa.

Nilimwambia hivi: kama kweli unaihitaji, peleka ombi mchana, kwa jina lako. Wakikukataa, wakukatae kwa maandishi, tupige kelele tukiwa na karatasi mkononi. Na kabla ya hapo, lipwa kwa simu usibebe noti, na ufunge duka saa moja na jirani yako.

Amesoma. Tiki mbili za bluu, hajajibu. Namwelewa, kwa sababu sijampa kitu cha kushika usiku wa leo.

Kwa hivyo saa tatu nitakuwa nje ya duka lake, tutembee wawili.