Boti, bamvua na zamu: abiria wa Lamu anavyopata chombo

Ndege kutoka Nairobi ikitua kisiwani Manda, abiria hushuka akiwa bado hajafika Lamu. Mbele yake pana mkono wa bahari, na ng'ambo ndiko uliko mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Anayekuja kwa basi kutoka Mombasa naye hukutana na jambo hilohilo: barabara humfikisha Mokowe, upande wa bara, kisha ni boti. Teksi ya Lamu, basi, huelea. Na lile swali linalowaumiza vichwa wenye teksi wa Nairobi na Dar es Salaam, la nani ampakie abiria yupi, lilikuwa likijibiwa katika gati za visiwa hivi kabla gari halijajulikana.

Pwani hii ina ushahidi wa zamani wa jinsi mgeni alivyogawiwa mwenyeji. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ya vijana kutoka na mashua ndogo kuilaki meli, wakiwa wamebeba vyakula vilivyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula chake na kumtangaza kuwa mgeni wake, na mfanyabiashara huyo hakuteremkia kwingine. Aliyeachwa huru ni yule tu aliyezoea kuja na aliyekuwa na watu wake mjini. Palikuwa na njia mbili za kumpata abiria: kumlaki, au kujuana naye. Anayeteremka leo katika gati ya Manda akapokewa na manahodha kadhaa kwa pamoja, huku mwenzake akienda moja kwa moja kwa nahodha aliyempigia simu, anaziona zote mbili kwa macho yake.

Enzi ya tanga, hata hivyo, mpangaji mkuu wa safari hakuwa binadamu. Ilikuwa bahari yenyewe. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo chombo kilichoondoka asubuhi wiki hii hakiwezi kushika saa ileile wiki ijayo. Nahodha alihesabu kwa mwezi: karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji hupanda sana na kupwa sana, katikati yake ni maji mafu. Njia ya kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa vyombo vingi haviwezi kupita. Mji wa Pate wenyewe una maji mafupi mbele yake, ndiyo maana wasafiri wengi hushukia gati ya Mtangawanda. Upepo ukikataa, mabaharia walishika pondo na kusukuma.

Mashine za boti zilipoenea, upepo ulinyang'anywa mamlaka yake. Maji hayakunyang'anywa.

Kilichobaki kwa binadamu kukipanga kilikuwa zamu. Boti za abiria za Mokowe hupakia kama matatu za barabarani: iliyo mbele hujaza kwanza, ikijaa huondoka, na inayofuata husogea. Mwenye haraka hukodi boti nzima peke yake na kuilipia. Utaratibu huu una kasoro zake. Abiria wa kwanza kuketi ndiye anayengoja kuliko wote, na mwenye mgonjwa hulazimika kulipa bei ya boti nzima au kuomba hisani. Lakini una jambo moja la thamani ambalo wapangaji wa miji hulisahau upesi: nahodha mwenye chombo kikuukuu hupata riziki sawa na mwenye boti ya kasi, kwa sababu zamu haiangalii injini.

Simu ya mkononi, iliyoanza kuenea Kenya kuanzia mwaka 2000 kwa mashindano ya kampuni za Safaricom na KenCell, ndiyo iliyobadilisha mambo kwa kina. Zamani, kumwita nahodha wa kijiji cha Shela usiku kulihitaji mtoto wa kutumwa mbio. Sasa namba moja ilitosha. Huduma ya M-Pesa ya kutuma pesa kwa simu ilipokuja Machi 2007, nauli nayo ikaweza kutangulia mbele ya abiria. Nguvu ikahama polepole kutoka gatini kwenda kwenye orodha ya majina ndani ya simu: mwenye wateja wake hakuhitaji tena kungoja zamu, na asiye na wateja aliona foleni ikizidi kupungua abiria.

Mageuzi kama hayo yaliukumba mji mkuu kwa kishindo zaidi. Uber iliingia Nairobi Januari 2015, na teksi zilizokuwa zikingoja kwenye maegesho zikajikuta zikishindana na programu inayotafuta gari linaloweza kumfikia abiria mapema. Baadhi ya programu za aina hiyo husubiri sekunde chache, hukusanya maombi ya abiria wengi, kisha huyagawa kwa pamoja ili jumla ya kungoja ipungue. Madereva walilalamika kwamba nauli zilishuka na makato ya kampuni yalikuwa makubwa. Wakagoma mara kadhaa. Kanuni za serikali za mwaka 2022 zikaweka kikomo cha asilimia 18 kwa makato hayo.

Je, programu ya aina hiyo ingefaa Lamu? Kwa safari ya Manda hadi gati ya mjini, huenda. Kwa safari ya Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, programu inayopima umbali peke yake itamdanganya abiria, maana boti iliyo karibu zaidi inaweza kuwa imekaa juu ya tope. Lazima isome jedwali la maji, ijue kina cha Mkanda kwa saa husika, na ijue chombo kipi kinahitaji maji kiasi gani. Maarifa hayo yamo vichwani mwa manahodha. Anayestahili kunufaika nayo kwanza ni mama mjamzito wa Pate anayeshikwa na uchungu usiku maji yakiwa yamekupwa: kujua mapema ni boti gani itapita, na saa ngapi, kunaweza kuokoa roho mbili. Mtalii anaweza kungoja.

Ndani ya mji wenyewe, vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitiki kwa gari, na mzigo hupanda punda au mkokoteni. Punda hao ni wengi kiasi kwamba shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kliniki yao mwaka 1987. Vichochoroni humo mwenye punda bado huitwa kwa jina, au kwa simu.

Tukirudi majini, kanuni zile za 2022 zinahusu magari. Boti zimo chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, ambayo kazi yake ni usalama wa vyombo: leseni, maboya ya kujiokolea, idadi ya abiria. Kabla kampuni yoyote haijaleta programu ya kugawa abiria gatini, makato yake na nafasi ya mwenye boti ya polepole yanapaswa kujadiliwa na manahodha wa Mokowe, Shela na Mtangawanda, wakiwa mezani tangu siku ya kwanza.