Ziwa Jipe na Maji Yake

Mtu asafiriye kutoka Voi kwenda Taveta, mwendo wa kiasi cha kilomita 110, hupita katika nyika ya udongo mwekundu, miiba na mibuyu, akiiacha milima ya Taita nyuma yake. Hupita Mwatate, hupita Bura na Maktau, na kwa saa nzima macho yake hayaoni dalili ya maji. Lakini akishika njia iendayo kusini kabla ya kufika Taveta, atalikuta ziwa refu, jembamba, lililolala chini ya milima ya Upare. Hilo ndilo Jipe.

Si ziwa kubwa. Eneo lake ni kiasi cha kilomita 30 za mraba, na kina chake hakifiki mita tatu. Maji yake huletwa na Mto Lumi utokao upande wa Kilimanjaro, na vijito viteremkavyo kutoka Upare. Lumi hupita katika udongo wa mlima wa moto, ukachukua chumvi na magadi. Na kwa kuwa jua la nyika ni kali na ziwa ni la kina kifupi, maji mengi hugeuka mvuke, chumvi ikabaki. Ndiyo sababu maji ya Jipe yana ladha ya magadi kidogo. Lau ziwa hili lisingekuwa na njia ya kutokea, lingekuwa kama Magadi au Natron, ambako mtu hawezi kunywa. Limeokolewa na Mto Ruvu, ambao huyatoa maji yake na kuyapeleka katika Mto Pangani hata baharini.

Basi msomaji asitegemee kuona hapa makundi ya heroe kama yale yaliyolipatia sifa Ziwa Nakuru. Heroe hupenda maji ya magadi makali. Ndege wa Jipe ni wa namna nyingine: mwari, mnandi, yangeyange, mdiria wa rangi nyingi, na furukombe aketiye juu ya mti mkavu akingoja samaki. Yupo ndege mdogo mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi pasipo kuzama. Na yupo kulasitara mweusi, ambaye kwangu mimi hapana amshindaye kwa hila. Husimama majini, akainama, akakunjua mabawa yake pande zote mpaka yakafanana na mwavuli. Samaki wadogo huja kutafuta kivuli, naye yumo ndani ya kivuli hicho akiwangoja. Viboko na mamba wamo pia, na tembo huja kunywa kutoka nyikani.

Maji haya yalijulikana zamani kwa wenyeji na kwa watu wa misafara. Karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Mombasa na Pangani ilipumzika Taveta, penye msitu mnene kandokando ya Lumi. Wataveta waliishi ndani ya msitu huo kama ndani ya boma, wakauza chakula kwa wasafiri waliokuwa wakijiandaa kuingia nchi ya Wamasai. Johannes Rebmann alipita Taita mwaka 1848, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Watu wa Ulaya wengi hawakumsadiki. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken na Richard Thornton walifika Jipe, na mwaka 1883 Joseph Thomson akakaa Taveta. Vitabu vyao huwataja kama wavumbuzi. Mimi huona neno hilo ni zito kidogo kwa mtu aliyeongozwa njia nzima na wapagazi walioijua.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi. Katika mapatano yao mstari ulitoka kwenye kinywa cha Mto Umba, ukaenda moja kwa moja hata Ziwa Jipe, ukafuata ukingo wake wa mashariki, ukazunguka upande wa kaskazini na kuvuka Lumi. Maana yake, kwa kalamu ya watu waliokuwa Ulaya, ziwa lote liliangukia upande wa Wajerumani, na Taveta upande wa Waingereza. Baadaye mpaka uliingizwa majini, na leo hupita ndani ya ziwa, kati ya Kenya na Tanzania. Samaki na viboko huuvuka kila siku.

Mpaka huo ndio ulioleta vita hapa. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kwa kuwa jeshi halikuweza kuivuka nyika ile kavu kwa miguu na ng'ombe tu. Tarehe 12 Februari 1916 walikishambulia kilima cha Salaita wakashindwa; mwezi uliofuata vilima vya Latema na Reata vikatwaliwa, na Taveta ikarudi mikononi mwao. Wapagazi walioitwa kariakoo walichukua mizigo ya vita ile, na wengi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Amani iliporudi, jambo jingine likatukia. Mwaka 1948 Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na ukingo wa Jipe upande wa Kenya ukaingia kwa sehemu katika Tsavo Magharibi. Leo zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo hifadhini. Tembo wamepona: baada ya ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 kuwapunguza hata wakabaki wachache elfu, hesabu ya mwaka 2021 iliwakuta karibu 15,000 katika nchi ya Tsavo. Lakini mkulima anayeamka akalikuta shamba lake la mahindi limekanyagwa usiku mmoja hulitazama jambo hilo kwa macho mengine, wala sidhani tuna haki ya kumlaumu.

Ziwa lenyewe nalo lina taabu yake. Ndani yake yumo perege wa Jipe, samaki asiyepatikana popote duniani ila katika maji ya bonde la Pangani. Rosemary Lowe ndiye aliyemwandika katika elimu ya sayansi mwaka 1955, na sasa amehesabiwa miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari kubwa ya kutoweka. Miti ikikatwa milimani, mvua huuteremsha udongo ziwani, na kina hupungua. Maji ya Lumi yakichukuliwa kumwagilia mashamba, yale yafikayo ziwani ni machache, na magadi huzidi. Penye maji mafupi na tope, matete huota. Yameota hata yakafunika sehemu kubwa ya ziwa, na ndege wengi wayapenda, maana humo hujenga viota na kujificha. Mvuvi hayapendi. Hulazimika kuyakata kwa panga kabla ya kutoa mtumbwi wake, akijipasulia mfereji mwembamba mpaka afike penye maji meupe. Na akikawia siku chache, huukuta mfereji umeanza kuziba tena.