Gawio lililowekezwa tena (utunzaji wa kumbukumbu)

Gawio lililowekezwa tena ni gawio la hisa au la mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambalo mwekezaji halipokei mkononi, bali hutumika mara moja kumnunulia hisa au vipande zaidi vya uwekezaji uleule. Makala hii inahusu jinsi linavyoandikwa katika programu za kufuatilia uwekezaji binafsi, hasa Marekani, ambako utaratibu huu umeenea sana.

Uandishi wake

Mwekezaji huona tukio moja: alikuwa na hisa 100, sasa ana 102. Kihasibu matukio ni mawili, pato lililopokelewa na ununuzi uliofanywa, na kumbukumbu inayoliacha mojawapo hupotosha ama kodi ama faida. Tuseme hisa 100 zilinunuliwa kwa dola 20 kila moja, jumla dola 2,000. Zikatoa gawio la senti 50 kwa hisa, na dola 50 hizo zikanunua hisa mbili kwa bei ya dola 25. Kisha zote 102 zikauzwa kwa bei hiyohiyo, zikaleta dola 2,550. Gharama ya ununuzi ni dola 2,050, hivyo faida ya mauzo ni dola 500. Gawio lenyewe lilikwisha kuhesabiwa kuwa pato la mwaka lilipolipwa, kwani fomu ya kodi ya Marekani 1099-DIV hulitaja hata kama mwenyewe hakulishika. Aliyeongeza hisa mbili bila gharama yoyote, kana kwamba hisa zimegawanywa, ataona faida ya dola 550, na dola 50 zilezile zitahesabiwa tena kwenye kodi. Kosa la pili ni gumu zaidi kugundua. Aliyeandika dola 50 kama fedha mpya kutoka mfukoni mwake ana gharama sahihi kabisa, ila programu itamwonyesha faida ya dola 500 juu ya mtaji wa 2,050, takriban asilimia 24.4, ilhali ukweli ni 550 juu ya 2,000, yaani asilimia 27.5. Kwa sababu hiyo programu ya Quicken ina aina ya pekee ya muamala kwa gawio la namna hii, na katika GnuCash, inayofuata uhasibu wa pande mbili, gawio huandikwa kwanza kwenye akaunti ya mapato.

Udhia mwingine ni hisa zisizo kamili. Gawio la dola 37.19 kwa bei ya dola 41.27 huandikwa na wakala wa hisa kuwa hisa 0.901, lakini 0.901 mara 41.27 ni 37.18. Lililo salama ni kuingiza kiasi cha fedha na idadi ya hisa kama zilivyo kwenye taarifa ya wakala, na kuiachia programu ikokotoe bei. Bei ikitangulia, ama senti ama hisa zitaachana na taarifa.

Pingamizi

Husemwa kwamba kazi hii imepitwa na wakati, kwa kuwa sheria ya Marekani ya 2008 iliwalazimu mawakala kuripoti gharama ya ununuzi. Hoja ina uzito, lakini wajibu huo ulianza na hisa za kawaida zilizonunuliwa kuanzia 2011, na vipande vya mifuko kuanzia 2012. Mzigo wa uwekezaji wa kabla ya hapo umebaki kwa mwenyewe. Isitoshe, hesabu ya wakala hujibu swali la kodi tu. Kenya ni ushahidi mzuri: faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa katika soko la Nairobi haitozwi kodi, hivyo kosa la kwanza halimgharimu mtu chochote huko, lakini lile la kupunguza faida liko palepale. Tena kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi hudai hatua ya ziada: gawio la shilingi 100 huandikwa 100, kisha kodi 5, na ni 95 tu zinazonunua hisa.

Programu

Microsoft Money, programu nyingine ya aina hii, ilisitishwa 2009. Quicken iliuzwa na Intuit mwaka 2016 na bado inatumika.