Akaunti Feki ya Mwaka 1748: Mwanamama Aliyemwandama Mwandishi Kisa Riwaya

Oktoba 1748, jijini London, mchapaji mmoja wa vitabu anapokea barua kutoka kwa mwanamke asiyemfahamu. Barua si ya mapenzi wala ya kudai hela. Ni ya vitisho. Mwanamke anamwambia asikie uvumi wote wa mjini kisha ajibu jambo moja tu: ni kweli anataka kumuua Clarissa?

Clarissa hakuwa mtu. Alikuwa binti wa kwenye riwaya.

Mchapaji huyo alikuwa na miaka 59, mfupi, kitambi kwa mbali, mwenye karakana yake ya uchapaji karibu na Fleet Street. Alianza kuandika riwaya akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanafikiria kupumzika. Riwaya ya kwanza ilitoka 1740 ikawa gumzo. Hii ya pili, Clarissa, ilikuwa kitu kingine kabisa: vitabu saba, karibu maneno milioni moja, na yote yameandikwa kwa mtindo wa barua ambazo wahusika wanatumiana. Yaani msomaji ni kama ameshika simu ya mtu na anapekua meseji zake usiku kucha.

Kisa chenyewe kinauma. Binti wa familia yenye uwezo anataka kuozwa kwa nguvu kwa mwanaume anayemchukia, sababu ni mali. Katika kukimbia hilo anaangukia mikononi mwa Lovelace, kijana mtanashati, ana maneno matamu, ana pesa, na ni mnyama. Na hapa ndipo mchapaji alipocheza karata yake, maana vitabu havikutoka vyote kwa pamoja. Viwili vya mwanzo vilitoka Desemba 1747, viwili vingine Aprili 1748, halafu kimya. Watu wakabaki miezi minane wanahangaika, kama wale wanaofuatilia simulizi za mtandaoni na kukuta imeandikwa "itaendelea" pale pale mlango ulipogongwa.

Miezi minane bila jibu, watu hufanya nini? Wanajadili. Kwenye chai, kwenye kanisa, kwenye barua. Wapo waliosema Clarissa ajilaumu mwenyewe, mbona alitoroka na mwanaume? Wapo waliosema wazazi wake ndio wabaya kuliko Lovelace. Mwigizaji mmoja mzee, aliyekuwa na cheo cha mshairi wa mfalme, alipodokezwa mwisho wa kisa hata kabla kitabu hakijachapwa, inasemekana alipandwa na hasira akaporomosha matusi. Mzee mzima, kwa ajili ya binti wa karatasini.

Turudi kwa yule mwanamama. Barua yake ilisainiwa jina la uongo. Alijifanya anaishi Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, na akataka majibu yapelekwe Exeter. Kumbe alikuwa mke wa bwana mkubwa mwenye cheo, anaishi kwenye jumba lao huko Lancashire, mbali kabisa upande wa kaskazini. Umri wake ulikuwa wa miaka arobaini na kitu, hakuwa na mtoto, na alikuwa na muda na akili nyingi kuliko kazi alizopewa. Akaunti feki kwa maana zote, karibu miaka mia mbili kabla ya kompyuta.

Na alikuwa na ulimi. Alimwombea mwandishi laana iwapo angethubutu kuharibu maisha ya wale wawili: achukiwe na vijana wote wazuri, macho yake yaone uzee na sura mbaya tu, asifiwe na wanawali wazee wenye wivu na wazazi madikteta peke yao, na akifa roho za watu hao zimsumbue. Kisha akamwambia haya, thubutu! Ilikuwa utani, lakini ndani yake mtu alikuwa anaumia kweli.

Alichotaka ni harusi. Lovelace atubu, amwoe Clarissa, mambo yaishe. Tena alikiri mwenyewe kwamba anampenda Lovelace pamoja na ubaya wake wote. Mchapaji aliposoma hapo alishtuka, kwa sababu riwaya nzima aliiandika kupinga imani iliyoenea zama zile kwamba mwanaume mhuni akitulizwa ndiye huwa mume bora. Sasa msomaji wake makini kuliko wote anamshangilia mhuni! Na si peke yake. Mhuni huyo katika riwaya anampa Clarissa dawa ya kulevya na kumbaka. Mchapaji akauliza kwa barua zake, mara nyingi na kwa urefu wa kuchosha, hivi kweli ndoa ni malipo ya kosa hilo? Mjadala huo haujazeeka hata kidogo. Kila tamthilia yenye mkaka mzuri mkatili inaurudisha upya.

Hakukubali kubadilisha. Desemba 1748 vitabu vitatu vya mwisho vikatoka na Clarissa akafa.

Januari mwanamama akaandika jinsi alivyosoma. Anashika kitabu, analia, anakitupa, anazunguka chumba, anafuta machozi, anakirudia, mistari mitatu tu anakitupa tena. Mumewe akamshika mkono akimsihi aache kusoma. Akagoma, alishaahidi kumaliza. Alikadiria machozi yake yamefika karibu painti nzima. Kwa mwandishi, barua hiyo ilikuwa na thamani kuliko sifa za wakosoaji kumi. Ndiyo maana, licha ya kubishana, hakuna aliyekuwa tayari kuacha kuandika. Ikumbukwe posta ya wakati ule ilimchaji mpokeaji, kwa idadi ya karatasi na umbali. Mtu kukubali kulipia barua ndefu za kubishana kuhusu mtu asiyekuwepo, hayo ndiyo mapenzi ya kitabu. Leo bando likikata watu wananuna.

Tena ubishi ule ulikiingia kitabu chenyewe. Toleo la pili la 1749 likaja na maelezo chini ya kurasa, mengine ya kumkandamiza Lovelace ili wasomaji waache kumwonea huruma. Ukweli ni kwamba yanakera. Ni kama mwandishi amekaa begani kwako anakuelekeza la kufikiri. Mwanamama naye alijaza pembezoni mwa nakala yake kwa maoni, akaandika na mwisho anaoutaka yeye. Baadaye mchapaji akapewa nakala hiyo, akajibu humo humo, maoni kwa maoni. Kurasa hizo zipo hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Dada yake aliyeishi Ireland alikwenda mbali zaidi: akaandika upya sehemu ya mwisho, ubakaji ukaondolewa na Lovelace akatubu. Hata hivyo, naye hakuweza kumwokoa Clarissa.

Kufikia mwanzoni mwa 1750 mambo yakawa matamu. Mwanamama yuko London, anataka kumwona mchapaji bila yeye kuonwa. Mchapaji akamtumia maelezo ya mwili wake mwenyewe: kimo, unene, wigi, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika fimbo. Akawa anakwenda kutembea kwenye bustani kwenye baridi, akichungulia nyuso za wanawake wanaopita. Yeye akamwona, akamtambua, akampita kimya. Mzee akasubiri sana. Hatimaye Machi wakakutana ana kwa ana, na urafiki ukadumu hadi mchapaji alipofariki 1761.

Kundi nalo lilikua. Nyumbani kwake nje kidogo ya London, vijana wa kike na wa kiume walikaa kwenye kipango cha bustani wakisikiliza riwaya yake ya tatu kabla haijachapwa, nao wakimkosoa. Msichana mmoja alichora kikao kimoja cha 1751: mzee na kofia yake ya nyumbani, karatasi mkononi, wenzake wamemzunguka.

Jambo moja tu lilimshinda yule mwanamama. Kwa mke wa bwana mkubwa, kuandikiana na mtunzi wa riwaya kulikuwa kunaweza kuleta maneno. Alipochorewa picha ya rafiki yake na kuitundika nyumbani Lancashire, jina la kwenye picha alilibadilisha, herufi chache tu, ili wageni wakiuliza aseme ni ya mtu mwingine.