Miguu mitatu: chombo kilichouzwa kama mwanasesere

Ukimtajia mtu wa Dar chombo cha miguu mitatu, atakuambia bajaji, au guta la kubebea mizigo Kariakoo. Lakini jamani, kuna ndugu yao mmoja ambaye Marekani alipendwa kupita kiasi, akavunja watu viuno, akapelekwa mahakamani na mwisho akafungiwa soko. Leo nataka tumzungumzie huyo.

Hadithi yenyewe inaanzia kwenye biashara, kama hadithi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wauzaji wa pikipiki za Honda kule Marekani walikuwa na shida moja: msimu wa baridi ukiingia na theluji ikianguka, hakuna mtu anayenunua pikipiki. Wakaomba wapewe kitu cha kuuza miezi hiyo. Kazi akapewa mhandisi wa Honda aitwaye Osamu Takeuchi. Akajaribu vyombo vya magurudumu mawili, matatu, manne, mpaka sita. Akaona matatu ndiyo yanafaa kwenye theluji, matope na mchanga. Siri ilikuwa kwenye matairi: mapana, laini, yenye upepo kidogo, kama maputo. Hayazami ardhini, yanaelea juu yake.

Mwaka 1970 ikatoka US90, ambayo baadaye iliitwa ATC90. Injini yake ilikuwa ya cc 89, nguvu farasi 7, bei dola 595. Haikuwa na shokapu hata moja. Kazi ya kumeza mashimo iliachiwa matairi. Mwaka 1971 ikaonekana kwenye filamu ya James Bond, Diamonds Are Forever, na vijana wakaitamani.

Mwanzoni kilikuwa chombo cha kuchezea ufukweni na jangwani. Baadaye wakulima na wawindaji wakagundua kuwa kinafika mahali ambapo gari halifiki, na Honda wakatoa ATC200E, maarufu kama Big Red, yenye sehemu za kufungia mizigo. Upande wa mashindano ikaja ATC250R mwaka 1981. Washindani nao hawakulala: Kawasaki walileta Tecate, Yamaha wakaleta Tri-Z. Ndani ya miaka kama kumi na tano, mwanasesere wa theluji alikuwa amegeuka chombo chenye kasi ya kutisha.

Sasa basi, tatizo lilikuwa wapi? Sisi Waswahili tunajua kuwa mafiga matatu yanatosha kuinjika chungu, tena hata ardhi ikiwa na mabonde chungu hakiyumbi. Ndivyo wanunuzi wengi walivyofikiri: miguu mitatu imetulia kuliko miwili, kwa hiyo hata mtoto anaweza. Na ni kweli, chombo kikiwa kimesimama. Lakini chungu hakikati kona. Chombo cha namna hii kikikata kona kwa kasi, uzito unakimbilia upande wa nje, na mbele upande huo hakuna tairi la kuupokea.

Halafu kuna suala la difu. Bajaji ina difu, kwa hiyo kwenye kona tairi moja la nyuma linaweza kuzunguka haraka kuliko jingine. Hivi vyombo havikuwa nayo. Matairi ya nyuma yalifungwa kwenye ekseli moja, yanazunguka sawasawa, kwa hiyo chombo kinapenda kwenda moja kwa moja. Ili kipinde, mpanda lazima auinamishe mwili ndani ya kona huku akikanyagia kigingi cha mguu wa nje, tairi la ndani lipungukiwe uzito na liteleze. Ni ufundi wa kujifunza. Aliyezoea pikipiki ya kawaida, mambo yakimharibikia, hushusha mguu chini ajishikilie. Hapa ukishusha mguu, tairi lako mwenyewe la nyuma linaukanyaga.

Vifo vikafika mamia, majeruhi maelfu kwa maelfu, na sehemu kubwa walikuwa watoto wa chini ya miaka 16. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ikachunguza, na Desemba 30, 1987 serikali ikazishtaki kampuni tano: Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris. Kesi iliisha kwa makubaliano yaliyopitishwa na mahakama Aprili 1988, ya miaka kumi. Kampuni zikakubali kuacha kuuza miguu mitatu mipya, kutoa mafunzo, kuweka maonyo, na kutowauzia watoto vyombo vya watu wazima. Mwaka 2008 Bunge la Marekani likaongeza sheria: vipya vya miguu mitatu visiingizwe wala kuuzwa nchini humo mpaka tume itunge kiwango chake cha usalama.

Angalieni kilichoachwa nje. Kumiliki au kuendesha hakukukatazwa. Waliokwisha kununua hawakurudishiwa fedha zao. Chombo kilichoonekana hakifai kuuzwa dukani kiliendelea kukaa bandani kwa mtu, na mtoto wake anakiona. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaovitafuta, wanavifufua, wanahangaika na vipuri, na ATC250R iliyotunzwa vizuri inagombewa. Ukiwauliza, watakuambia chombo hakina kosa, kosa ni la asiyejua kukiendesha.

Hoja yao ina uzito kiasi. Vyombo vya miguu minne vilivyochukua nafasi, ambavyo tume ilivikuta na hatari ndogo kuliko mitatu, navyo viliua: kadiri vilivyoongezeka, katikati ya miaka ya 2000 vifo vilikuwa zaidi ya 700 kwa mwaka. Kwa hiyo kuongeza gurudumu peke yake hakukumaliza msiba.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana nao. Sisi tunaoandika habari za ajali tumezoea sentensi moja: chanzo ni uzembe wa dereva. Ni sentensi rahisi, inafunga faili. Kama chombo kinahitaji ufundi wa pekee, na kinauzwa kwa mtu ambaye hajafundishwa, tena kwa matangazo ya furaha ya familia nzima, mzembe ni mtoto wa miaka 12 aliyeshusha mguu chini? Aliyekitengeneza alijua kuwa hakina difu. Aliyekiuza alijua. Aliyekuwa hajui ni yule aliyekikalia.

Au nyie wenzangu mnaonaje?