Kitabu cha Mashindano ya Sataranji

Wako wadhanio kuwa sataranji ni mchezo usio na siri, kwa sababu kila kete huonekana ubaoni na kila mwendo huandikwa. Dhana hiyo ndiyo iliyokipa kitabu cha mashindano heshima yake: msomaji hupewa michezo yote, mizuri na mibovu, akaifuata nyumbani kwake kana kwamba amekaa kando ya wachezaji. Katika vitabu vya namna hiyo, ambavyo mimi huvisoma kama mchezaji wa kujifurahisha tu, vichache vimesifiwa kama kile cha David Bronstein, kilichotoka mwaka 1956, juu ya mashindano ya 1953 huko Neuhausen na Zurich, nchini Uswisi.

Mashindano yale yalikuwa ya kumtafuta mtu wa kupambana na bingwa wa dunia, Mikhail Botvinnik. Wachezaji walikuwa 15, tisa kati yao wa Muungano wa Sovieti. Kila mmoja alikutana na kila mwenziwe mara mbili, ikapatikana jumla ya michezo 210. Smyslov aliongoza kwa pointi 18. Waliomfuata, kwa pointi 16 kila mmoja, ni Bronstein mwenyewe, Keres na Mmarekani Reshevsky.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba hakimzamishi msomaji katika wingi wa miendo ambayo ingaliweza kuchezwa. Hueleza kwa maneno nia ya mchezaji. Chukua mchezo wa Averbakh na Kotov: Kotov, mwenye kete nyeusi, alimtoa malkia wake kwa askari mmoja tu, mfalme mweupe akavutwa nje ya ngome yake, akawindwa ubaoni mpaka akashindwa. (Averbakh huyu huyu ndiye aliyetangaza, katika miaka ya 1980, ufumbuzi wa fumbo la as-Suli wa Baghdad, lililowashinda watu kwa karne nyingi, basi asikumbukwe kwa kushindwa kule peke yake.)

Lakini mwanahistoria akiuliza kitabu hiki ni shahidi wa namna gani, mambo huwa magumu. Katika uzee wake Bronstein alisema kwamba wakuu wa ujumbe wa Kisovieti waliwashurutisha wachezaji wao wamsaidie Smyslov, ili Reshevsky asije akashinda. Alisema pia kuwa rafiki yake, Boris Vainshtein, alikuwa na mkono mkubwa katika maneno ya kitabu. Hayo hayamo katika kurasa za 1956, wala yasingaliweza kuchapishwa Moscow wakati ule.

Basi nia zile tunazoelezwa ni za nani? Mchezo wa suluhu uliopatanwa chumbani na ule uliopiganiwa kwa saa tano yaweza kuandikwa kwa miendo ile ile. Mimi naona Smyslov alistahili: mwaka 1954 alitoka 12 kwa 12 na Botvinnik, na mwaka 1957 akamnyang'anya ubingwa, na huko hapakuwa na mwenzi wa kumsaidia. Hata hivyo ustahili wake haumpi Reshevsky jibu, wala Keres, ambaye hakupata kamwe kucheza na bingwa kwa ajili ya taji. Kila nifikapo katika michezo ya suluhu ya duru za mwisho, husoma miendo kwanza, na maneno baadaye.